Hii habari ya uyoga na dawa za maruweruwe, hebu tuizungumze vizuri

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya watsapu, pengine na wewe imekufikia. Mzungu kakaa kwenye kiti anaeleza alivyoteswa na heroini miaka na miaka, akapelekwa mahali akapewa dawa ya mti kutoka Afrika, usiku kucha anaona maisha yake yote yanapita mbele ya macho, asubuhi kaamka hana arosto, yale maumivu ya mtu alieikosa dawa, wala hamu. Chini mtu kaandika kwa Kiswahili kwamba dawa yetu Waafrika inawaponya wao halafu sisi tunaletewa methadoni, ile dawa ya hospitali wanayopewa waraibu badala ya heroini. Mimi nilitumiwa na mdogo wangu, na yeye kauliza tu, "dada, hii vipi?"

Mdogo wangu yuko kwenye methadoni. Kila asubuhi anakwenda Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Unguja, anakunywa dozi yake pale pale mbele ya mhudumu, anarudi nyumbani. Kabla ya hapo alipita soba hausi, nyumba ya watu wanaoacha uraibu, akatoka klini, hatumii tena, akakaa vizuri, halafu akarudi kwenye unga. Sina haja ya kueleza sana, Unguja hii nyumba gani haina mtu wake. Lakini kuna jambo watu hawalisemi, kwamba arosto inakwisha, mifupa inaacha kuuma, mtu ananenepa, mama anafurahi, halafu inabaki huzuni. Huzuni nzito ya mtu anaeona miaka yake imekwenda na wenzake wamezikwa na hajui aanzie wapi. Mdogo wangu anaweza kukaa chumbani toka alasiri mpaka isha imesaliwa na taa hajawasha. Kwahiyo alipouliza vile nilijua anauliza kweli, na nikimjibu "achana na mambo ya mitandaoni" ntakuwa nimemfungia mlango. Nikakaa nikasoma. Mi si daktari, nasomesha baiolojia skuli, lakini utafiti naweza kuusoma nikajua nini kimefanyika na nini hakijafanyika, na haya ninayoandika ndo niliyomwambia yeye pamoja na mengine niliyokuja kuyafikiria baadae.

Tuanze na huo mti. Unaitwa iboga, ni kichaka cha misitu ya Afrika ya kati, Gaboni khasa, na huko kuna watu wa Bwiti ambao maganda ya mizizi yake wanayatumia kwenye ibada zao na kumuingiza mtu chamani. Mtu anatafuna kwa wingi, anakesha na ngoma, wazee wamemzunguka. Ndani ya ganda hilo kuna kemikali inaitwa ibogeini. Mwaka 1962 kijana mmoja wa Marekani, Howard Lotsof, ana miaka 19 na keshazama kwenye heroini, aliijaribu kwa kutafuta ulevi mwengine tu, akashangaa arosto hamna na hamu ya heroini hamna, na baada ya hapo akatumia umri wake wote kuwasukuma wanasayansi waichunguze. Kwahiyo jambo lenyewe si uzushi. Mwaka 2024 watafiti wa chuo cha Stanford walitoa matokeo ya wanajeshi wastaafu 30 wa vikosi maalumu vya Marekani, watu waliopata majeraha ya ubongo, ambao walikwenda Meksiko wakapewa ibogeini pamoja na magnesiamu, na sonona yao, ile huzuni nzito inayogeuka ugonjwa, na kiwewe chao vikapungua sana. Mwaka 2025 jimbo la Texas likatenga dola milioni 50 kwa ajili ya utafiti wa dawa hii hii.

Sasa sikiliza ambayo klipu haikuyasema. Ibogeini inaingilia umeme wa moyo. Baina ya pigo na pigo moyo una muda wake wa kujiweka sawa, dawa hii inaurefusha muda huo, na ukirefuka kupita kiasi mapigo yanavurugika na mtu anakufa ghafla, na watu wamekufa kweli. Ndo maana wale wanajeshi walipewa na magnesiamu na mioyo yao ikawa inaangaliwa kwa mashine muda wote. Na methadoni nayo, dawa ambayo kwa uwezo wa Mungu ndo iliyomrejesha mdogo wangu, inaurefusha muda ule ule. Yani mtu alie kwenye methadoni akipewa ibogeini kajumlisha hatari mbili kwenye moyo mmoja, na kuruka dozi ya siku moja hakusaidii kitu kwasababu methadoni inakaa mwilini siku kadhaa. Halafu akiacha methadoni ili aende akatafute huo mti, mwili unaanza kupoteza mazoea, siku akiteleza akarudi kwenye unga kwa kipimo chake cha zamani anaweza asiamke. Hili nilimwambia mdomoni, sikuandika, nilitaka nimuone uso wake. Na wewe unaesoma kama una mtu wako yuko methadoni naomba mwambie leo.

Lakini iboga ni moja tu katika hizo dawa zinazoitwa saikedeliki, dawa za maruweruwe, zinazomfanya mtu aone na ahisi mambo ambayo mwengine alie pembeni yake hayaoni. Inayochunguzwa zaidi kwa sonona ni ya uyoga, silosibini, na habari yake imeanzia mbali na maabara yoyote.

Imeanzia kijiji cha Huautla, Oaxaca, huko Meksiko, kwa mama mmoja wa Kimazateki anaitwa María Sabina. Alikuwa mganga. Mgonjwa akiletwa, usiku wanakula uyoga, yeye anaimba na kuomba mpaka alfajiri, anaangalia nini kimemkuta yule mtu. Mwaka 1955 akaja mtu wa benki kutoka New York, Gordon Wasson, akaomba aingizwe, akaingizwa, mwaka 1957 akaandika yote kwenye gazeti la Life lenye wasomaji mamilioni. Mwaka 1958 mkemia wa Uswisi Albert Hofmann, yule yule aliegundua nguvu ya LSD, dawa nyengine ya maruweruwe, mwaka 1943 kwenye kampuni ya Sandoz, akaitoa silosibini kwenye uyoga ule ikawa kidonge. Na kijijini kukatokea nini? Wageni wakamiminika, si wagonjwa, ni vijana wanaotafuta raha, polisi wakaanza kumuandama yule mama, wanakijiji wakamlaumu yeye, nyumba yake ikachomwa moto. Kafa maskini mwaka 1985. Dawa yake saivi inashughulikiwa na makampuni yenye hisa kwenye soko la Marekani.

Hii habari ya María Sabina iliniuma kwa namna yake, kwasababu mimi mtu kama yule nimemuona kwa macho yangu, Pemba.

Bibi yetu mdogo, ndugu yake bibi, alikuwa anaishi upande wa Wete. Alifiwa na wanawe wawili karibu karibu, akanyamaza. Chakula hali, haongei, hafui, kakaa tu kitandani kaangalia ukuta. Hospitali walimpa dawa za kulala. Wazee wakasema ana pepo, akaitwa fundi, na sisi watoto tuliambiwa tusitoke chumbani lakini tulichungulia. Nakumbuka moshi wa ubani umejaa mpaka macho yanawasha, chetezo kinapitishwa chini ya shuka aliyofunikwa, sahani nyeupe imeandikwa aya kwa zafarani halafu wakaosha yale maandishi kwa marashi ya mawaridi akapewa kunywa. Ngoma ikapigwa. Na kulikuwa na mwanamke mmoja ambae hakupiga ngoma wala hakuimba, kazi yake yeye ilikuwa ni kukaa nyuma ya bibi mdogo tu. Bibi alipoanza kutetemeka na kulia kwa sauti ambayo mi sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, yule mwanamke alimshika mabega, akampangusa mate kwa ncha ya kanga yake, akawa anamwambia sikioni, "tupo mama, tupo." Ikawa hivo mpaka kunakucha. Na baada ya ngoma hawakuondoka wote, walikuwa wanapokezana kulala pale kwake, wanampikia uji, wanamsikiliza, maana alianza kuongea, na alichokuwa anaongea kilikuwa ni habari za wanawe.

Sisemi ngoma ya pepo inatibu sonona. Nawajua waganga wanaowapiga watu, nawajua waliomfunga mtu na mnyororo miezi, nawajua wanaokula pesa za maskini mpaka mbuzi wa mwisho kauzwa, na hao siwatetei hata kidogo. Lakini yule mwanamke wa nyuma sijamsahau, na niliposoma namna silosibini inavotolewa huko hospitalini nilimkuta tena.

Maana inatolewa hivi. Kwanza mgonjwa anakutana na washauri wake, wawili mara nyingi, siku kadhaa kabla, wanazungumza mpaka wazoeane, anaulizwa habari za kwao, akionekana ana skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, au ndugu yake wa damu anayo, au ana ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, anakataliwa kwasababu dawa hii inaweza kumzindulia wazimu. Siku ya dawa anawekwa kwenye chumba kizuri, si wodi, kuna kochi, taa ya chini, mziki umechaguliwa, anafungwa kitambaa machoni, anapewa kidonge, miligramu 25 kwenye majaribio mengi, na hao washauri wanakaa nae masaa sita mpaka nane bila kutoka. Hawamwelekezi. Akilia wanamuacha alie, akiogopa wanamshika mkono. Kesho yake na wiki zinazofuata wanakaa nae tena kuyazungumza yale aliyoyaona. Dawa yenyewe inaingia kwenye vipokezi vya serotonini, kemikali moja ya ubongo inayogusa hisia, inalegeza yale mazoea ya fikra yanayozunguka pale pale, mi sifai, mi nishakwisha, mi mzigo kwa watu, na kwa masaa yale na siku kidogo baada yake mtu anaweza kujiangalia upya. Namna khasa inavofanya kazi bado wanasayansi wanabishana, lakini hilo la kulegeza wengi wanakubaliana nalo.

Matokeo je? Mwaka 2016 chuo cha Imperial London kiliwajaribu watu 12 tu ambao sonona yao ilishindikana kwa dawa nyengine, wakapata nafuu. Mwaka huo huo Johns Hopkins huko Marekani, chini ya Roland Griffiths, walitoa matokeo ya wagonjwa 51 wa saratani waliokuwa wanaishi kwa khofu ya kifo, na wengi wao miezi sita baadae khofu ile ilikuwa bado imetulia. Mwaka 2022 likaja kubwa zaidi, watu 233 nchi mbali mbali, na hapa ndo pa kusoma kwa makini. Waliopewa miligramu 25, wiki ya tatu 37 kati ya kila 100 dalili zao zilipungua nusu au zaidi, na waliopewa miligramu 1, kipimo kidogo kisichofanya kitu, walikuwa 18 kati ya 100. Tofauti ipo, tena ya maana. Lakini 37 si 100. Na ilipofika wiki ya 12 walioendelea kushikilia nafuu yao walikuwa 20 kati ya 100 kwa waliopata miligramu 25, na 10 kati ya 100 kwa waliopata miligramu 1. Na kuna wachache waliopata fikra za kujidhuru baada ya dawa, na hilo lazima lisemwe kila mara linaposemwa la kwanza. Mwaka 2021 Imperial waliishindanisha silosibini na dawa ya kawaida ya sonona, esitalopramu, kwa watu 59, na kwa kipimo kikuu walichokiweka wenyewe hazikutofautiana vya kuhesabika.

Tena kuna tatizo ambalo nalifundisha darasani. Ili ujue dawa inafanya kazi unampa mmoja dawa na mwengine kidonge bandia, na wote wasijue. Sasa hapa utamficha nani? Mtu akianza kuona ukuta unapumua anajua kapata yenyewe, na alieona hakuna kinachotokea anajua kakosa, anasononeka zaidi. Kwahiyo sehemu ya ile nafuu ni matumaini, na ni kiasi gani ni vigumu kupima. Binafsi hili halinifanyi niidharau dawa, linanifanya nimuangalie tena yule mwanamke wa nyuma. Nafuu ile haiko kwenye kidonge peke yake. Imo kwenye masaa nane ya mtu mwengine kukaa na wewe, na wiki za kukusikiliza baadae. Ukitoa kidonge ukabakisha mtu, bado una kitu mkononi. Ukitoa mtu ukabakisha kidonge, una ulevi tu, na pengine balaa.

Na hapa niwaambie jambo ambalo mdogo wangu lilimshangaza kuliko yote. Soba hausi zetu zinafuata hatua 12, kila mtu aliepita kule anazijua kwa moyo, mikutano, kukiri mbele ya wenzako, kumtegemea Mungu. Hatua hizo zimetoka kwa walevi wa pombe wa Marekani, na mwanzilishi wao mmoja ni Bill Wilson. Huyo Wilson mwaka 1956, keshaacha pombe zaidi ya miaka 20 na bado anateswa na sonona, alipewa LSD chini ya uangalizi wa daktari huko Los Angeles. Ikamgusa sana, akaona inaweza kuwasaidia walevi waliokata tamaa wafike pale ambapo yeye alifika kwa kumlilia Mungu. Wenzake hawakupenda na akaliacha jambo hilo. Miaka ile ile huko Saskatchewan, Kanada, daktari Humphry Osmond na wenzake walikuwa wanawapa LSD walevi wa pombe na wakatoa ripoti za watu wengi kuacha. Halafu dawa zikatoka hospitali zikaingia mitaani, siasa zikaingia, mwaka 1971 mkataba wa Umoja wa Mataifa ukaziweka LSD na silosibini kwenye orodha kali kuliko zote, na utafiti ukalala miaka mingi. Umerudi juzi juzi tu. Mwaka 2022 chuo kikuu cha New York kilitoa matokeo ya walevi wa pombe 95 waliopewa ushauri na wengine wakaongezewa silosibini, na siku za kunywa sana kwa waliopata silosibini zilikuwa kama 10 kati ya 100, waliokosa kama 24.

"Sasa kumbe mzee wa hatua na yeye alikuwa na huzuni baada ya kuacha," akasema mdogo wangu. Hakusema kuhusu LSD hata kidogo. Hilo ndo alilolishika, kwamba mtu anaweza kuwa klini miaka 20 na bado akawa mgonjwa wa moyo uliovunjika, na kwamba si udhaifu wake. Tulikaa barzani siku ile mpaka baba akatuita ndani, na nadhani tangu aache unga hatujawahi kuzungumza vile.

Kuna dawa nyengine, MDMA, ambayo wanaijaribu kwa kiwewe, watu waliobakwa, waliotoka vitani, waliopona ajali. Hii nimeisoma huku namfikiria jirani yetu. Alikuwemo kwenye meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikienda Pemba, usiku ule wa msiba ambao hakuna Mzanzibari asieukumbuka. Alielea kwa godoro mpaka kulipokucha. Mwanawe hakuonekana tena. Mpaka leo hapandi boti, ndugu zake Pemba wakifa haendi kuzika, mvua kubwa ikipiga bati usiku anatoka nje kasimama uani na maji yanamwagika. Tunasema mpe pole, tunasema subira. Hakuna aliewahi kukaa nae akamwambia nihadithie. Kwenye majaribio ya MDMA yaliyotoka mwaka 2021, watu 90, waliopata dawa pamoja na ushauri 67 kati ya 100 mwishoni hawakuhesabika tena kuwa na ugonjwa wa kiwewe, na waliopata ushauri na kidonge bandia walikuwa 32 kati ya 100. Umeona hiyo 32? Hao hawakupata dawa yoyote, walipata watu waliofundishwa kusikiliza, basi. Jirani yangu hata hiyo hajapata.

Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataa kuipitisha MDMA ikataka majaribio mengine. Sababu zilikuwa nyingi, na moja ya mambo yaliyozungumzwa sana ni mgonjwa wa Kanada aliekuja kufanyiwa mambo yasiyofaa na washauri wake mwenyewe, na waendeshaji wa majaribio wenyewe walikiri maadili yalivunjwa. Mtu akiwa chini ya dawa hizi anakuwa wazi, analia, anamuamini yeyote aliemshika mkono. Kwahiyo yule mtu wa nyuma anaweza kuwa ndo dawa, na anaweza kuwa ndo sumu. Sisi wanawake wa hapa tuliosikia habari za waganga na wake za watu hili halihitaji kuelezwa mara mbili. Australia wao wameruhusu, tangu 1 Julai 2023 daktari bingwa wa akili aliepewa kibali anaweza kuandika MDMA kwa kiwewe na silosibini kwa sonona iliyoshindikana, lakini gharama yake inafika maelfu kwa maelfu ya dola kwa mtu mmoja, kwasababu unalipa masaa ya watu, si kidonge.

Ami yangu anasomesha madrasa, nilimuuliza bila kuzunguka, kila chenye kulevya si haramu? Akasema ni haramu kulewa, na akaniuliza na yeye, mama yako alipopasuliwa si alipewa dawa ikamuondoa akili? Dharura ina hukumu yake, lakini aseme daktari mwaminifu kwamba ni dharura na hakuna nyengine, asiseme muuzaji. Nimeona jibu lake linatosha kwa mtu kama mimi, masheikh wakubwa ndo wa kulijadili zaidi.

Na kweli, dawa ile aliyopewa mama ilikuwa ketamini. Hii ndo nataka watu waijue, kwamba katika dawa zote hizi kuna moja tayari ipo hospitali zetu, kihalali, kabatini. Ketamini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, inatumika kwenye upasuaji Afrika nzima kwasababu mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe hata pasipo na mashine kubwa. Binamu yangu muuguzi anasema akina mama wakizinduka nayo wengine wanahadithia wamepaa, wengine wanalia, wengine wanamuuliza hapa ni wapi na kaburi langu liko wapi, na yeye kajifunza kuwashika mkono na kuwataja majina yao taratibu mpaka warudi. Hajafundishwa popote, kaona tu kwamba wanaoshikwa wanatulia. Mwaka 2000 watafiti wa chuo cha Yale, Marekani, walionesha kipimo kidogo cha ketamini kinaweza kuinua sonona kwa masaa, wakati vidonge vya kawaida vinachukua wiki, na mwaka 2019 Marekani ikapitisha aina yake ya kupuliza puani. Nafuu yake haikai, inataka kurudiwa, na ukiizoea inakuharibia kibofu na inakuwa uraibu mpya, mwigizaji Matthew Perry kafa nayo mwaka 2023. Kwahiyo sisemi mdogo wangu apewe ketamini kesho. Nasema mjadala huu si wa Wazungu wa mbali, kabati lipo pale hospitali ya Mnazi Mmoja na wauguzi wanaomshika mtu mkono wapo, na madaktari wetu wa akili, walivyo wachache, wana haki ya kuwemo kwenye utafiti huu badala ya kusubiri kusomewa matokeo.

Kinachonitia khofu ni kwamba kabla hawajaingizwa wao tutaingiziwa biashara. Nimeshaona tangazo la kambi ya "uponyaji kwa uyoga" kwenye fukwe zetu, siku nne, bei kwa dola, mkufunzi kajifunza kwa kozi ya mtandaoni. Hapa kwetu silosibini ni dawa ya kulevya kisheria, atakaekamatwa ni kijana wa Paje aliewabebea mizigo, na mgeni atapanda ndege. Vijana wangu wa skuli, tena wale waliokwisha kuanza kusikia sauti kwa bangi tu, ndo watakaopewa mabaki bure ufukweni. Hayo ya Huautla yatatukuta pasipo hata na María Sabina wa kuwaimbia.

Kwahiyo mimi msimamo wangu kwa mtu yeyote atakaekuja Unguja au Pemba na dawa hizi, awe chuo, kampuni au mfadhili, nina maswali na nayaandika hapa. Nani atakaa na mgonjwa masaa yote yale, na ni mtu wa hapa anaeelewa mtu akisema "nina pepo" bila kumcheka na bila kumuogopa? Atakuwepo mwanamke kwa mgonjwa mwanamke, wawili, na mlango usiofungwa kwa ndani? Kesho yake, na wiki ya sita, na mwezi wa tatu nafuu ikianza kupungua, nani atapiga hodi nyumbani kwake? Moyo utapimwa, na walio kwenye methadoni mtawaambia nini? Majaribio yakiisha na pesa zikiisha, wale washauri mliowafundisha watabaki Kidongo Chekundu na mshahara au mtaondoka nao? Na yule jirani yangu wa godoro, ambae hataki kidonge chochote, ataruhusiwa kuja kusikilizwa tu? Majibu nayataka kwa maandishi, na yawe kwa Kiswahili ili mama yangu ayasome kabla mdogo wangu hajatia saini kitu.